Odeta na Mabibi Wanaotembea Kinyumenyume

Saa tisa alasiri. Jua la Buhongwa limekaa juu ya mabati, kuku wamejibanza ukutani wakitafuta kivuli, na milango ya mtaa mzima iko wazi ili ipitishe hewa. Yote, isipokuwa mmoja.

Mbele ya mlango huo amesimama mama mrefu, mkavu wa mwili, filimbi shingoni na fimbo mkononi. Hagongi wala hapigi hodi. Anasogeza mdomo karibu na mbao na kusema taratibu:

"Kitendawili."

"Kitendawili!" anarudia, safari hii kwa nguvu zaidi. Anatazama kulia, anatazama kushoto, kisha anatazama chini kwenye kizingiti, kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka.

Ndani kinasikika kiti kikiburuzwa. Halafu sauti ya kizee: "Tega."

"Kila siku ananiliza, wala hajawahi kunigusa."

"Moshi," sauti inajibu. "Hicho ulikitega juzi. Umeishiwa?"

"Nimeishiwa, mayu. Fungua." Mayu ni mama, kwa Kisukuma, na mama huyu analitamka neno hilo kwa pumzi iliyokuwa imezuiwa muda mrefu.

Komeo linavutwa. Anatoka Bibi Dorotea, mjane wa miaka sabini na kitu, mfupi, kanga begani, koti jeupe limemfika magotini. Macho yake ni mekundu. Ni mekundu kweli, na katika kijiji chake rangi hiyo imetosha kumfanya ajifungie mchana kweupe.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Ulidhani nimekufa?"

"Nilidhani umelala."

"Muongo wewe. Ulidhani nimekufa."

Wanaanza kutembea kwenda uwanjani. Odeta Mayala, yule mama mrefu, anatangulia kidogo, lakini kila baada ya hatua chache anageuka kuangalia nyuma. Hiyo ndiyo kazi yake siku hizi, au tuseme, ndicho kipande cha kazi yake ambacho hakuna aliyemwajiri akifanye.

Kazi aliyoajiriwa ni nyingine. Odeta, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, ni mhamasishaji wa Umoja wa Vilabu vya Michezo vya barabara ya Shinyanga. Anazungukia vilabu kwa baiskeli, kuanzia Buhongwa hadi vijiji vya mbele, akiviomba vifungue viwanja vyao kwa watu ambao hakuna aliyewahi kuwaita. Anawaombea wasichana, wenye ulemavu wa miguu, wanawake waliojifungua na kunenepa wakashindwa kupumua, na wazee.

"Kila klabu nikifika naulizwa, umetuletea mipira?" anasema. "Nawaambia, sina mpira, nina watu. Wanacheka. Wanadhani natania."

Malipo yake ni shilingi elfu kumi na tano kwa mwezi, mwezi ambao Umoja una kitu. Zamani alikuwa na mshahara. Alikuwa kwenye mashine za kusokota nyuzi mjini Mwanza, na jioni alikuwa mlinzi wa timu ya netiboli ya kiwanda, yule wa kukaba mpaka mpinzani anaomba maji.

Ubinafsishaji ulipokuja, wafanyakazi walipunguzwa, na timu haikuingia hata kwenye mazungumzo. "Mnunuzi alikagua mashine, akakagua magari. Sisi tulikuwa tumepanga mstari na sketi zetu. Akapita," anasema Odeta, na anacheka bila kufungua meno.

Alirudi Buhongwa na mtaji wa kuuza dagaa, na maumivu ya mgongo ya kukaa kitako. Ndipo alipokutana na Mwalimu Owiti, Mjaluo wa kutoka pwani ya ziwa upande wa Mara, aliyefundisha michezo miaka mingi kabla ya kustaafu. Mwalimu ndiye katibu wa Umoja. Ofisi yao ni chumba nyuma ya mashine ya kusaga, na ukikaa humo robo saa unatoka mweupe kichwani kama umezeeka ghafla.

"Mwalimu aliniambia, Odeta, vilabu vyetu vina wachezaji kumi na mmoja na watazamaji mia tano," anakumbuka. "Hao mia tano miili yao nani anaishughulikia?"

Mwezi wa kwanza mwaka huu wa 1997 Odeta akaanza na mabibi.

Aliwapata kisimani. Waliokuwa wakilalamika magoti, aliwaambia yapo mazoezi. Waliokuwa wakianguka usiku wakienda kujisaidia, aliwaambia yapo mazoezi. Bibi Dorotea alikuwa wa kwanza kukubali, kwa sharti moja.

"Alfajiri," alisema. "Kabla watu hawajaamka."

Wenzake wote wakaitikia. Sababu haikuwa jua. Sababu ilikuwa wakwe. Mwanamke wa Kisukuma aliyeoza binti hainui mguu mbele ya mkwewe. Wakikutana njiani mmoja anaacha njia, mwingine anageuza uso. Hawapeani mkono wala hawali pamoja. Sasa mama mkwe arukeruke uwanjani, mikono juu, na mkwe anapita na jembe? Afadhali magoti yaendelee kuuma.

Kwa hiyo ikawa alfajiri, na hapo ndipo hofu ilipopata mlango wa kuingilia.

Umoja ulikuwa umeomba jezi kwa wafadhili. Mwenye kiwanda kimoja cha minofu ya samaki aliahidi, na mzigo ulipofunguliwa yakatoka makoti meupe yaliyochakaa, yale wanayovaa wakata samaki. Mabibi hawakulalamika. Makoti yalikuwa marefu, yenye heshima, na asubuhi kuna baridi.

Tena Mwalimu Owiti alikuwa amemfundisha Odeta zoezi moja analolipenda kuliko yote: kutembea kinyumenyume, magoti yamekunjwa kidogo. Linakaza magoti, linamfundisha mzee asianguke. "Zoezi ni langu," anasema Mwalimu, akipangusa unga kwenye miwani. "Mungu anisamehe, sikufikiria lingeonekanaje kwa mtu anayepita."

Mtu aliyepita aliitwa Chenge.

Ilikuwa Machi, mvua za masika zimeanza, na ukungu umelala bondeni. Chenge alikuwa akiswaga ng'ombe wawili kuwapeleka mnadani. Anasimulia mwenyewe, amechuchumaa kando ya zizi, na hata leo anashusha sauti.

"Niliona makoti. Vichwa sikuviona, ukungu ulivimeza. Makoti yanakwenda duara, halafu yanarudi nyuma. Yote! Kinyumenyume! Nikajiuliza, Chenge, binadamu gani anatembea hivyo saa hizi? Sikungoja jibu."

"Ulifanya nini?" mwandishi anamwuliza.

"We, ungefanya nini? Nilikimbia. Ng'ombe nao wakakimbia upande wao."

Ng'ombe mmoja alitumbukia kwenye mtaro wa barabara akavunjika mguu, akachinjwa. Jioni, kwenye masimulizi ya vilabu vya pombe, alikuwa ameliwa na wachawi akiwa hai. Kesho yake wachawi walikuwa wanatembea bila vichwa. Kesho kutwa, mtu fulani akawa ameona macho. Mekundu.

Mabibi waliposikia, wengine walicheka. Bibi Dorotea hakucheka.

"Mimi najua haya maneno yanakwenda wapi," anasema, ameketi kwenye tofali kando ya uwanja akingoja wenzake. "Shangazi yangu walimjia hivyohivyo. Kwanza walimcheka. Halafu waliacha kumsalimia. Halafu wakaja."

Hasemi walikuja na nini. Huku hakuna anayehitaji kuambiwa. Ajuza wa macho mekundu, mjane, anayeishi peke yake, anahesabiwa kuwa mchawi kabla hajafungua kinywa, na wapo waliokatwa mapanga vitandani mwao kwa kosa hilo. Kwamba amepikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba tangu alipokuwa binti, katika jiko lililojaa moshi, lisilo na dirisha, hilo halihesabiwi.

Wiki mbili baada ya ng'ombe, mtoto wa jirani alifariki kwa homa. Alikuwa mtoto anayependwa na mtaa mzima. Bibi Dorotea alikwenda msibani na bakuli la unga, kama inavyopasa. Wanawake walisogea mkekani kumpisha, wakasogea mno, akabaki ameketi peke yake kama kisiwa. Alipoondoka, unga wake uliachwa pale ulipokuwa.

Jioni ileile mtu alipiga hodi kwake.

"Hodi nzuri kabisa," anasema bibi. "Sauti ya mtu mwenye adabu. 'Hodi, bibi, hodi.' Nikasema karibu, nikafungua. Hapakuwa na mtu."

Palikuwa na kibuyu kizingitini. Kimepasuliwa kwa panga katikati, nusu huku na nusu huku, na ndani kimepakwa kitu chekundu.

Tangu siku hiyo Bibi Dorotea hafungui kwa hodi. Yeyote anaweza kupiga hodi, hata aliyekuja kukuua. Yeye na Odeta wakakubaliana kitendawili. "Mtu mwenye nia mbaya hana muda wa kutega vitendawili," bibi anaeleza, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. "Na akiwa nao, basi angalau nitakufa nimechekeshwa."

Odeta hatabasamu. Alipokiona kibuyu kile, anasema, alikaa chini palepale kizingitini. "Mimi ndiye niliyewavalisha makoti. Mimi ndiye niliyewaambia rudini nyuma. Nilikuja kuwapa magoti, nimewaletea mapanga."

Alikimbilia ofisini. Mwalimu Owiti alimsikiliza, akafunga daftari.

"Tuache," alisema. "Odeta, tuache leo hii. Waambie wakae majumbani."

"Majumbani ndiko watakakouawa, Mwalimu."

"Na uwanjani?"

"Uwanjani wataonekana."

"Ndiyo maana nakwambia, wameshaonekana!"

"Hawajaonekana. Walichoona ni makoti."

Mwalimu anakiri kwamba usingizi ulimwisha siku nyingi. Hata leo hana uhakika nani alikuwa sahihi. "Tungeacha, watu wangesema mnaona, wamekiri. Tungeendelea, ningehudhuria mazishi niliyoyaandaa mwenyewe. Ungechagua lipi?"

Odeta alichagua mchana. Alikwenda kwa mwenyekiti wa klabu ya mpira ya Buhongwa akaomba mapumziko ya mechi ya Jumapili, dakika zile wachezaji wanapokunywa maji, awaingize mabibi wafanye mazoezi yao mbele ya watu wote.

"Watatuletea mkosi, tufungwe," alisema mwenyekiti.

"Mbona mmefungwa mechi tatu bila wao?"

"Odeta, hapana."

"Sawa. Basi Jumapili mistari ya uwanja mchore wenyewe, na nyavu mfunge wenyewe." Kazi hizo mbili huzifanya yeye. Alikuwa ameshika mlango. Mwenyekiti alimwita arudi.

Lakini kikwazo kikubwa hakikuwa mwenyekiti, kilikuwa mtu mmoja ambaye kila Jumapili husimama kwenye kona ya uwanja na upinde wake. Nestory ni kamanda wa Sungusungu, wale walinzi wa jadi wanaopiga doria dhidi ya wezi wa ng'ombe, na ambao neno lao mtaani linaweza kumwokoa mtu au kummaliza. Nestory huyo ndiye aliyemwoa Gladness, binti pekee wa Bibi Dorotea.

"Mbele ya Nestory siwezi," bibi alisema. "Mbele ya panga naweza. Mbele ya mkwe siwezi."

Gladness alilia usiku kucha. Aliogopa mama yake akienda, akaogopa asipokwenda. Mumewe naye, kwa desturi, hakuweza kwenda kumwuliza mama mkwe jambo lolote uso kwa uso. Walibaki wamefungiana mlango, mkwe na mama mkwe, kila mmoja kwa heshima ya mwenzake.

Jumapili ikafika. Timu ya Kisesa ilikuwa mbele kwa bao moja. Refa akapuliza filimbi ya mapumziko, na mabibi wakaingia wakiwa na makoti yaleyale, Bibi Dorotea naye akiwemo, macho chini asiione kona ya Nestory. Odeta ndiye aliyeamua hivyo. "Tukiyaficha," aliwaambia, "watasema tumeyazika mahali."

Wanawake wakawavuta watoto nyuma ya kanga zao. Aliyekuwa akiuza karanga akaacha kuuza. Odeta anasema alisikia makoti yakipigwa na upepo, na akaona vijana wawili, upande wa barabarani, wakiokota mawe. Hawakuyarusha. Waliyashika tu.

Mabibi walinyoosha mikono. Walizungusha mabega. Kisha Odeta akapuliza filimbi ya kurudi nyuma, na Bibi Dorotea hakurudi. Alikuwa amemwona Nestory. Alijifunika uso kwa kanga akasimama katikati ya uwanja kama mti. Na kule kwenye kona, kamanda, mbele ya askari wake wote, alifanya ambalo mkwe yeyote mwenye adabu angefanya. Alimgeuzia mama mkwe mgongo.

Watu wakaanza kunong'ona. Kamanda amegeuka. Kamanda hataki kumtazama. Nong'ono lilikimbia kuzunguka uwanja kama moto kwenye majani makavu, na Odeta akaelewa kwamba heshima ile, kwa macho ya watu, imekuwa hukumu.

Alikimbilia kipaza sauti cha klabu, kinachopiga kelele kuliko kinavyosema.

"Kitendawili!" alipiga ukelele.

Mtoto mmoja, huko nyuma ya kanga ya mama yake, akasema, "Tega!"

"Mama mkwe anarudi nyuma, hamwoni mkwe. Mkwe anarudi nyuma, hamwoni mama mkwe. Uwanja ni mmoja. Nani kamvunjia nani heshima?"

"Hakuna!" alijibu mwenyewe, kwa nguvu mpaka kipaza sauti kikapiga mluzi. "Kamanda! Usigeuke. Baki hivyohivyo. Rudi nyuma tu. Tuone kama binadamu akitembea kinyumenyume anageuka fisi!"

Nestory hakusogea. Anasema mwenyewe, huku akikwangua ubao wa upinde wake kwa kisu: "Nikikataa, watasema kamanda anaogopa. Nikikubali, nitachekwa mpaka nizeeke. Na nilikuwa naogopa kweli, usiandike sikuogopa. Niliona vijana wana mawe. Nikachagua kuchekwa."

Alipiga hatua moja nyuma, kisha ya pili. Kuelekea katikati, mgongo mbele, upinde ukining'inia. Bibi Dorotea, kanga usoni, akasikia nyasi zikikanyagwa, akageuka upande wa pili na kuanza kurudi nyuma naye. Mabibi wenzake wakafuata. Uwanja mzima uliwatazama mama na mkwe wakikaribiana bila mmoja kumwona mwingine, adabu yao yote ikiwa salama.

Hapo kamanda wa Sungusungu akakanyaga mpira.

Alianguka chali, kofia huko, mishale huko. Ilipita nukta moja ambayo Odeta anasema hataisahau, kwa sababu hakujua itaishia kwa kicheko au kwa mawe. Halafu sauti ya Bibi Dorotea ikatoka chini ya kanga:

"Aliyeanguka ni nani?"

"Mkweo!" watu wakajibu.

"Mwambieni akunje magoti!"

Kicheko kilichoinuka kilisikika mpaka barabarani. Chenge, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya goli, alicheka akilia. "Niliviona vichwa," anasema. "Kumbe ni bibi yake Hellen wa jirani! Kumbe ni yule anayeniuzia viazi!" Odeta aliwatafuta wale vijana wawili kwa macho. Mmoja alikuwa ametupa jiwe lake chini. Mwingine alikuwa ameondoka, na jiwe hakuliona.

Jiwe hilo ndilo linalomfanya Odeta ageuke kila baada ya hatua chache.

Siku hizi mazoezi ni saa kumi jioni, watu wakiona. Wakwe wanaopita hugeuka na kurudi nyuma mpaka wavuke uwanja, na imekuwa utani wa mtaa mzima. Baadhi ya askari wa Nestory hukaa ukingoni. Wanawake wawili vijana wamejiunga, pamoja na fundi viatu mwenye mguu mmoja anayerudi nyuma kwa magongo haraka kuliko mtu yeyote. Unga wa Bibi Dorotea ulipokewa kwenye msiba wa mwezi uliopita. Alipohadithia hilo alisimama katikati ya sentensi, akafuta macho, na kusema ni moshi.

Lakini aliyeleta kibuyu hajajulikana. "Mlango mmoja naweza kuulinda," anasema Nestory. "Milango yote ya Buhongwa siwezi. Na aliyepiga hodi ile anaishi hapahapa. Labda alikuwepo uwanjani. Labda alicheka na sisi."

Filimbi inapulizwa. Mabibi wanamaliza, wanakunjiana makoti, wanatafunana kwa maneno kuhusu nani alidanganya katika kuhesabu. Jua limeanza kushuka, na Odeta anamshika Bibi Dorotea kiwiko. Kabla ya giza lazima wawe wamefika.

Njiani anaeleza mipango. Mwezi wa kumi Umoja utafanya tamasha la vilabu vyote Kisesa, na amekwisha kuomba kuwe na mashindano ya wazee mchana wa saa saba, jua kali, asibaki mtu wa kusema aliona kivuli. Vilabu vinne vimekubali. Kimoja kimesema kitafikiria, na Odeta amewaahidi kurudi kila wiki mpaka wachoke kufikiria. Kila klabu itakayokuwa na mabibi uwanjani, anasema, ni kijiji ambacho watu watazijua nyuso za mabibi zao.

"Na wewe mwenyewe, unataka nini?" mwandishi anamwuliza Odeta.

Wamefika mlangoni. Anakagua kizingiti kwanza. Hakuna kitu. Anamwachia bibi kiwiko.

"Mimi nataka siku moja nifike hapa nipige hodi," anasema. "Hodi tu, kama watu. Aseme karibu, afungue, basi."

"Na vitendawili?" bibi anauliza kutoka ndani.

"Tutategana tukiwa tumekaa nje."

Mlango unafungwa. Odeta haondoki kama watu wanavyoondoka. Anarudi nyuma, hatua kwa hatua, fimbo mkononi, magoti yamekunjika kidogo kama anavyowafundisha, macho kwenye ule mlango. Ni mpaka komeo linaposikika likiingia mahali pake ndipo anapogeuka na kuishika njia ya kwake.